Kuunda Ndege ya Vita Katika Nyumba Isiyotulia

Vitabu vya uundaji wa modeli vinavyotoka Ulaya na Japani humtaka msomaji awe na meza yake, taa yake na mlango wa kufunga. Nyumba ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu haina nafasi hiyo. Vyumba ni viwili, watu ni saba au tisa, mtoto wa mgongoni analia, mkubwa wake anatafuta daftari, jirani anabisha hodi kuomba moto, na mara sauti inasikika nje kwamba maji yametoka bombani. Hata hivyo, modeli safi ya ndege ya vita, yenye vipimo vya kweli, inaweza kuundwa humohumo, kwa maboksi, njiti za ufagio na unga wa muhogo.

Mwongozo huu umesimama juu ya kanuni moja: usisubiri nyumba itulie, kwa sababu haitatulia. Gawa kazi yako katika vipande vidogo ambavyo kila kimoja huanza na kwisha ndani ya robo saa, na ambavyo ukikatizwa katikati havikuharibikii. Mwenye kufuata kanuni hii atamaliza ndege yake. Mwenye kungoja siku ya utulivu atakuwa na rundo la maboksi chini ya kitanda mpaka panya wayamalize.

Kutoka kichezeo hadi modeli

Watoto wa kambini ni mafundi tayari. Hukata magurudumu kwenye kandambili zilizokatika, hukunja waya kuwa usukani, huunda ndege kwa mabua ya mahindi na makopo ya mafuta ya mgao wa chakula. Mikono ipo na jicho lipo. Kinachoongezeka katika modeli ni kipimo: kila sehemu ya ndege ndogo inalingana na sehemu yake katika ndege halisi kwa hesabu ile ile, kuanzia ncha ya bawa hadi mkia. Mtu aliyewahi kuiona ndege yenyewe akiitazama modeli yako aitambue kabla hujamwambia jina.

Chagua ndege inayohusiana na hapa

Usianze na ndege iliyo maarufu ng'ambo tu. Eneo hili lina historia yake ya angani, na ndege yenye habari inayojulikana nyumbani huwavuta hata wasiopenda ufundi. Hizi tatu zinafaa.

Ya kwanza ni Short 827, ndege ya maji yenye mabawa ya ghorofa mbili na injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za aina hii. Zilifikishwa Kongo kwa meli, zikasafirishwa kwa reli na mto hadi Ziwa Tanganyika, na kituo chake kikawa karibu na Mtoa, kaskazini ya mji unaoitwa leo Kalemie. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa na kuishambulia Kigoma kwa mabomu, akiilenga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Julai, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ileile iliyowarudisha wakimbizi Wakongomani kwao mwaka 1997, na iliyowabeba wakimbizi Warundi kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma mwaka 2015. Huenda katika baadhi ya nyumba za Nyarugusu yupo mtu aliyekanyaga sitaha ya meli hiyo. Kwa sababu hii, na kwa sababu umbo lake linaendana na vifaa tulivyonavyo, Short 827 ndiyo tutakayoiunda hatua kwa hatua.

Ya pili ni MiG-21, ndege ya Kisovieti iliyotumiwa na pande zote mbili katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, 1978 na 1979. Bawa lake ni la pembetatu na kiwiliwili chake ni bomba, hivyo inamfaa anayeanza: bomba unalipata kwa kuviringisha karatasi juu ya mti mnyoofu, na koni ya puani ni kifuniko cha kalamu.

Ya tatu ni Fouga Magister. Septemba 1961 ndege moja tu ya aina hii, iliyokuwa mikononi mwa Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa ambao hawakuwa na ndege za kivita za kuijibu. Baadaye Umoja wa Mataifa ulileta ndege za Uswidi, Ethiopia na India. Mkia wa Fouga una umbo la herufi V, vipande viwili tu, na haihitaji kamba wala nguzo.

Kwanza zungumza na wakubwa

Kabla hujaleta ndege ya vita ndani ya nyumba, muulize mwenye nyumba. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na wapo wazee na akina mama ambao mlio wa ndege hauwaletei kumbukumbu njema. Mwendee baba, mama au bibi, msalimie vizuri, umweleze unataka kuunda nini na kwa nini. Akisema hataki kuiona ndege ya mabomu mbele ya macho yake, usibishane naye. Muundie ndege nyingine kwa njia hizihizi, kama ile ndogo ya abiria inayotua uwanja wa Kigoma. Akikubali, umepata msaidizi, na pengine utasikia habari ambayo hajawahi kuisimulia. Isikilize mpaka mwisho, hata kama gundi inakauka.

Kipimo: sentimita 2 kwa kila mita

Modeli za viwandani huundwa mara nyingi kwa kipimo cha 1:72 au 1:48, vilivyotokana na inchi na futi za Waingereza. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli za mbao 500,000 kwa kipimo cha 1:72, ili zitumike kufundishia askari kuzitambua ndege za kila upande. Kwetu sisi wenye rula ya shule, kipimo chepesi ni 1:50. Mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita 2 kamili, na hesabu yake mtoto wa darasa la nne anaiweza: chukua mita, zidisha kwa 2, upate sentimita.

Kwa njia hiyo, Short 827 yenye upana wa mita 16.43 kutoka ncha ya bawa hadi ncha inakuwa sentimita 32.9. Urefu wake wa mita 10.74 unakuwa sentimita 21.5, na kimo cha mita 4.11 kinakuwa sentimita 8.2. MiG-21 ina upana wa mita 7.15, yaani sentimita 14.3. Fouga ina upana wa karibu mita 12 na urefu wa mita 10, yaani sentimita 24 kwa 20.

Vipimo vidogo, kama kimo cha mkia au nafasi ya chumba cha rubani, vitoe kwenye picha iliyopigwa kutoka ubavuni. Ukipata simu yenye bando, fungua picha, weka rula juu ya kioo na upime. Tuseme kwenye kioo ndege ina urefu wa sentimita 8, nawe unataka modeli ya sentimita 21.5. Gawanya 21.5 kwa 8, upate karibu 2.7. Basi kila kipimo cha pichani kizidishe kwa 2.7: mkia wa sentimita 1.5 pichani unakuwa sentimita 4 katika modeli. Andika namba zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, uchore ndege kwa ukubwa wake kamili, ubavu na juu. Mchoro huo ndio mali yako kuu. Modeli ikivunjika, mchoro unairudisha.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Karatasi ngumu: maboksi ya sabuni na ya dawa ya meno kwa mabawa, na boksi la kawaida kwa kiwiliwili. Chagua yasiyowahi kulowa maji, maana karatasi ikishalowa hukunjamana na hainyooki tena.

Njiti: chelewa za ufagio. Ni nyembamba, ni nyepesi na hazivunjiki upesi. Usizichomoe kwa siri. "Mama, naomba njiti 10 za ufagio huu uliochakaa" ni sentensi fupi inayookoa ugomvi mrefu.

Maboya: kandambili iliyokatika. Soli yake inakatika vizuri kwa wembe na inasuguliwa ikalainika juu ya tofali.

Pangaboi: kibanzi cha mwanzi, kutoka kwenye kikapu kilichokufa au fito iliyobaki.

Kamba: uzi wa kushonea, mweusi au wa kijivu.

Rangi: chai ya rangi iliyokolea, masizi ya chungu, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa.

Gundi: kijiko kimoja cha unga wa muhogo. Unga ni chakula, na siku za mwisho kabla ya mgao kila kijiko kinahesabiwa, kwa hiyo omba kijiko kimoja na usirudi kuomba cha pili. Kukoroga kwake kuna utaratibu. Chemsha majani machache ya mwarobaini, uyachuje maji yake yapoe. Tia unga kwenye kopo, ongeza vijiko 5 vya maji hayo yakiwa yamepoa kabisa, koroga mpaka pasiwe na hata donge moja, kisha weka kwenye makaa yaliyobaki baada ya kupika. Koroga bila kuacha. Mwanzoni ni maziwa. Ghafla inashika chini, inakuwa nzito, na weupe unaondoka mpaka unaanza kuona chini ya kopo. Hapo ipua. Ukiipua mapema haitashika, na ukichelewa itakuwa ugali. Uchungu wa mwarobaini husaidia kuwazuia panya na mende, ambao bila hivyo wanaweza kuila ndege yako. Gundi hii hudumu siku mbili. Ikianza kunuka chachu, itupe.

Zana: rula, penseli, mkasi, sindano, unyoya wa kuku wa kupakia gundi, na wembe. Wembe uchomeke ndani ya kipande cha kandambili, ubaki na makali ya sentimita moja tu nje. Ukimaliza kukata, urudishe kwenye kopo lenye kifuniko na ulitundike kopo hilo juu ya fito za paa kabla hujainuka. Hesabu nyembe zako kila jioni. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, hii ndiyo kanuni isiyokuwa na udhuru.

Panga kazi kwa saa za nyumba

Chukua sinia lililochakaa au kifuniko kipana cha boksi. Kila kitu cha ndege kikae ndani yake, na kazi yote ifanyike juu yake. Ukiitwa, unainua sinia kwa mikono miwili na kuliweka juu ya kabati au kulisukuma juu ya boriti, kisha unakwenda. Hakuna kukusanya vipande sakafuni, wala kuku hapati nafasi ya kudonoa gundi. Mwenye sinia hukatizwa mara nyingi lakini hapotezi kitu.

Kisha igawe kazi kwa aina zake. Kupima na kuchora kunahitaji mwanga na akili tulivu, hivyo kufanye mchana wadogo wakiwa shuleni. Kukata kwa wembe ni kwa mchana tu, na mtoto mchanga akiwa amelala au amebebwa na mtu mwingine. Kupaka gundi kunaweza kufanyika hata ukiwa unachunga sufuria ya maharage, kwa sababu gundi inahitaji saa nyingi kukauka na sufuria nayo haina haraka. Kusugua maboya juu ya tofali kunaweza kufanyika nje huku ukisubiri zamu ya maji. Usiku, chini ya taa ya sola, fanya kazi zisizo na makali: kupaka rangi, kupanga njiti kwa urefu, kusoma mchoro wa kesho.

Siku ya mgao usifanye lolote. Kuna foleni, kuna mizigo ya kubeba, na wewe unahitajika. Pumzika pia siku ya mvua kubwa ikiwa paa linavuja. Kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu hulegeza gundi ya muhogo, kwa hiyo hatua ya kuunganisha mabawa ipange kiangazi, au siku jua linapowaka asubuhi yote.

Hatua ya 1: mabawa

Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sentimita 32.9 na upana wa sentimita 6.2. Boksi la sabuni halifiki urefu huo, basi unganisha vipande viwili, na kiungo chake kiwe katikati kabisa, pale kitakapofichwa na kiwiliwili. Kwa mgongo wa mkasi, piga mstari wa katikati kwa urefu wote bila kukata, ili karatasi ikubali kukunjika. Laza chelewa moja ndefu juu ya mstari huo, ipake gundi, kisha kunja ukanda juu yake na ugandishe kingo mbili za nyuma. Chelewa iliyo ndani hulifanya bawa liwe na ukingo wa mbele wa mviringo na nyuma nyembamba, umbo lilelile la bawa halisi, na hulizuia kupinda. Libane kati ya mbao mbili, au kati ya vitabu vikubwa viwili, na jiwe juu yake, usiku kucha.

Bawa la chini ni fupi kuliko la juu. Fuata picha. Kwa kukadiria, sentimita 26 zitakupa mwonekano mzuri.

Hatua ya 2: kiwiliwili

Kiwiliwili cha Short 827 ni kijisanduku kirefu kinachopungua kuelekea mkiani. Chora kuta nne kwenye karatasi moja zikiwa zimeshikana, piga mistari ya kukunjia, na uache ukingo mdogo wa kupakia gundi. Kabla ya kufunga, kata juu yake matundu mawili, moja nyuma ya jingine, kwa rubani na mwenzake, maana waliketi wazi kwenye upepo. Viti vyao ni vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Mkia na usukani wake vikate kwenye karatasi nyembamba iliyogandishwa mara mbili.

Hatua ya 3: ghorofa

Hii ndiyo sehemu inayowatisha wengi, na kiberiti ndicho kitakachokusaidia. Kiboksi cha kiberiti kikisimamishwa kwa ubavu kina kimo cha karibu sentimita 3 na nusu, na ndicho kimo tunachokitaka kati ya bawa la chini na la juu. Gandisha kiwiliwili juu ya bawa la chini. Simamisha kiberiti kimoja kila upande, ulaze bawa la juu juu yake, kisha tazama kwa mbele jicho likiwa sawa na mabawa: je, yako sambamba? Pima kutoka ncha hadi mkia kushoto na kulia. Namba hizo mbili zilingane.

Kata chelewa 12 za sentimita 3 na nusu. Nane ni nguzo za nje: kila upande wa kiwiliwili jozi mbili, moja karibu na nyingine mbali, ambapo kila jozi ina nguzo ya mbele na ya nyuma. Nne zilizobaki zisimame pembeni mwa kiwiliwili kulishika bawa la juu katikati. Zipunguze pale inapobidi. Toboa kwa sindano pale kila nguzo inapogusa bawa, chovya ncha kwenye gundi, ingiza. Ukiitwa baada ya nguzo ya tatu, nenda. Viberiti vinashikilia bawa mpaka utakaporudi, hata ikiwa kesho. Viondoe gundi ikiwa imekauka kabisa.

Hatua ya 4: maboya, pangaboi na kamba

Chonga maboya mawili makubwa ya sentimita 9 kutoka kwenye kandambili, pua zake zikiinuka kidogo kama za mtumbwi. Ongeza dogo moja la chini ya mkia na mawili madogo zaidi ya chini ya ncha za bawa la chini. Makubwa yashike kwenye kiwiliwili kwa miguu ya chelewa. Weka ndege juu ya kitu kilichonyooka, na usigandishe mpaka kimo chake chote kiwe karibu sentimita 8.2.

Pangaboi lina bapa mbili. Chonga kibanzi cha mwanzi cha sentimita 5 na nusu, toboa katikati, kisha pasha joto kila upande juu ya mvuke wa sufuria na uusokote polepole kwa vidole, upande mmoja kulia na mwingine kushoto. Shikilia mpaka upoe.

Kwa kamba, pitisha uzi kwenye kipande cha mshumaa ili usitoe manyoya. Ufunge chini ya nguzo moja, uupandishe hadi juu ya nguzo inayofuata, ushuke tena, mpaka kila dirisha kati ya nguzo liwe na herufi X. Usikaze kwa nguvu. Uzi uliokazwa sana huvuta ncha za mabawa, na ndege inainama baada ya siku chache. Hapa mwite bibi au shangazi anayesuka vikapu au kushona. Mkono uliozoea uzi utafanya kwa dakika chache kile ambacho wako ungekihangaikia jioni nzima.

Hatua ya 5: rangi

Ndege nyingi za wakati huo zilifunikwa kwa kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi, na rangi yake ilikuwa krimu inayokaribia manjano. Chukua karatasi nyeupe za daftari, zichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa, zianike, kisha ufunike nazo mabawa na kiwiliwili kwa gundi nyepesi. Masizi yaliyochanganywa na gundi ni ya injini. Udongo mwekundu kidogo sana, uliochanganywa na masizi, unatoa rangi ya mbao kwa pangaboi.

Watoto: wape kazi, usiwafukuze

Mtoto anayefukuzwa atarudi ukiwa haupo, na atarudi na mikono yenye uji. Mpe nafasi yake mapema.

Wa miaka miwili au mitatu mpe ndege yake mwenyewe, ya bua la mahindi na waya uliokunjwa ncha, airushe na kuivunja atakavyo. Wa miaka mitano hadi saba akoroge gundi ikiwa baridi, alete mawe ya kubania, apake masizi. Wa miaka minane hadi kumi na miwili apime na kuzidisha kwa 2. Mwache yeye ndiye akuambie bawa liwe na sentimita ngapi, kisha mhakiki pamoja. Wembe ni kwa kijana aliyepevuka, nawe uwe umeketi kando yake.

Wakigombana kuhusu nani atakayeishika kwanza, weka kanuni ya nyumba: anayeishika ndege ameketi, si amesimama, na anaishika kwa kiwiliwili, si kwa bawa. Ikidondoka, usipige kelele. Mwite aliyeidondosha, fungueni mchoro, mtafute pamoja nguzo zilizotoka na mzirudishe siku hiyohiyo. Mtoto aliyetengeneza alichokivunja huwa mlinzi mkali kuliko wewe.

Kuitunza na kuisafirisha

Itundike kwa nyuzi mbili kwenye boriti, mbali na moshi wa jiko na mbali na pale paa linapovujia. Kila mwanzo wa mwezi ifute vumbi kwa unyoya. Masika ifunike kwa mfuko wa plastiki ulio wazi chini, ili unyevu usikae ndani.

Maisha ya kambi yanaweza kukutaka uondoke: kuhamia kijiji kingine cha kambi, kurudi nyumbani, au kwenda nchi ya tatu. Ndege ya ghorofa mbili haisafiri vizuri kwenye mzigo. Ukilazimika kuchagua, kunja mchoro na ukurasa wa vipimo, uviweke kwenye bahasha moja na nyaraka za familia. Ndege yenyewe mpe jirani au shule, pamoja na nakala ya mchoro.

Baada ya ya kwanza

Chini ya bawa andika kwa kalamu jina la ndege, kipimo 1:50, mwaka, na majina ya wote walioshiriki: aliyekoroga gundi, aliyefunga uzi, aliyetoa njiti za ufagio. Kisha anza ya pili mapema, kabla mikono haijasahau. Anayetaka changamoto aunde Liemba yenyewe. Ina urefu wa zaidi ya mita 71, hivyo kwa 1:50 ingekuwa karibu mita moja na nusu na isingepata pa kulala. Tumia 1:200, itoke karibu sentimita 36.

Ninausisitiza ufundi huu kwa sababu nauona unafanya kazi ambayo semina nyingi haziwezi kuifanya. Mtoto aliyezidisha mita kwa 2 akaona bawa likitokea amekwisha kuelewa ramani, mchoro wa fundi seremala na mchoro wa nyumba. Kijana asiyekuwa na ajira amepata jambo linalohitaji uangalifu wake wote, na linaloonekana likisonga mbele kila siku. Wazee wamepata wa kuwasikiliza. Na yote yamefanyika bila chumba cha ziada na bila siku hata moja ya utulivu. Leo jioni pima boksi la sabuni lililo karibu nawe, upige mstari wa kwanza wa bawa; robo saa inatosha.